Joho Lisilofuliwa

Ukiuliza habari za Mbodze Kombe pale Msambweni, utajibiwa kwa neno moja: alifua. Hawaongezi kitu juu yake, maana kila mtu anajua kinachosemwa kuwa alikifua. Mwanamke aliyefua nguo za watu miaka kumi na tisa, akapata riziki na heshima, amekuja kuharibiwa jina na nguo moja ambayo hakuitia hata tone la maji. Basi na isimuliwe ilivyokuwa, kwa kuwa wengi wanaoisimulia barazani hawakuwapo, na wale wachache waliokuwapo wana sababu zao za kuipinda.

Mbodze alizaliwa Majoreni, akaolewa Msambweni na Abdurahman, mwalimu wa madrasa mwenye kibali cha kuozesha. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Husna, ambaye naye aliolewa Ramisi. Abdurahman alikuwa mtu wa maneno mazuri na mapato madogo, kwa hiyo nyumba ilisimama kwa mikono ya mkewe, aliyekuwa akienda Diani kila siku kufua nguo katika hoteli moja ya ufukweni. Huko alijulikana kuwa hakuna doa lililomshinda. Doa la embe na la mvinyo alilitambua kwa kulinusa, la mafuta kwa kulipitisha kidole. Damu, alikuwa akiwaambia wasichana wapya, ni kazi ndogo mradi usiwe na haraka: maji baridi, chumvi, uiache iloweke. Ukiitia maji moto umeipika, na iliyopikwa haitoki tena.

Hoteli yenyewe ilikuwa na wazimu wa sufu. Mwenyewe alitoka nchi ya baridi, akataka wahudumu wavae vizibao vya sufu laini na kila chumba chenye kiyoyozi kiwekwe shali ya sufu kitandani. Sufu, tena Diani, mahali mtu anapotoka jasho akiwa amekaa kivulini. Na maji ya visima vya huko yana chumvi, ukiyafulia sufu hukauka ikawa ngumu kama kumbi la nazi. Vizibao vilichakaa, shali zikanywea zikawa za watoto wachanga, na lawama zikaangukia wafuaji, kama kawaida ya lawama kumtafuta aliye chini.

Ndipo akaletwa fundi na mapipa ya dawa. Aliwakusanya wafuaji wote kumi uani, pamoja na msimamizi wao Caroline, mwanamke wa bara mwenye roho nzuri na hofu nyingi. Fundi akaeleza kwamba dawa ile ni maji yaliyochanganywa na chembe za nano, yaani punje za madini ndogo hivi kwamba ukiupasua unywele mmoja mara elfu, punje bado ni ndogo kuliko kipande ulichobaki nacho. Sufu huchovywa, hukamuliwa, hukaushwa kwa joto, na chembe hushika kwenye kila uzi. Baada ya hapo mwanga wa jua ukizipiga, chembe huamka na kulila doa kidogo kidogo mpaka likawa si kitu. Uzi wenyewe haziudhuru. Hapo hapo akamimina kahawa kwenye kizibao kilichokwisha kutiwa dawa, akakitundika juani. Siku ya pili doa lilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Siku ya nne halikuwapo, na wanawake wakasema bismillahi, wengine wakacheka.

Walicheka mapema. Mwezi haukwisha, wafuaji saba wakaambiwa hawahitajiki tena. Mbodze alibakizwa na wenzake wawili, kazi yao kuanika sufu juani na kuichovya upya kila mwaka, kwa kuwa dawa huchakaa. Aliona haya kubakia, akawa hawezi kuwatazama wenzake usoni akikutana nao Ukunda.

Sasa, Abdurahman alikuwa na joho. Lilikuwa la sufu, rangi ya maziwa, lenye tarizi ya hudhurungi kifuani, alilopewa na mjomba wake aliyekaa Maskati, na hakuozesha mtu bila ya kulivaa. Lakini alikuwa mtu wa kuzungumza kwa mikono, tena mpenzi wa kahawa chungu na halua, na kila nikaha ilirudi nyumbani na doa lake. Kufua joho la sufu ni kazi ya kutia mtu wasiwasi. Mbodze akalifua mara nyingi akiomba dua, hadi akachoka. Siku moja, mwezi wa Shaabani, baada ya kuchovya shali za hoteli, ilibaki dawa kiasi cha robo ya ndoo, nayo hutupwa. Akaitia katika kidumu cha lita tano akaenda nayo nyumbani, akalichovya joho la mumewe, akalikausha, akalipiga pasi. Ikiwa ule ni wizi, basi ni wizi wa makapi. Abdurahman alipoona madoa yake yanapotea bila ya kufuliwa alifurahi sana, akamtania mkewe kwamba amejiachisha kazi mwenyewe.

Mauti ya Abdurahman yalikuja kwa njia ya cheti cha ndoa. Kule Majoreni alifariki mwanamke mmoja, Bi Chiku, asiye na mtoto, akaacha shamba linaloshuka mpaka baharini, la aina ile ambayo wenye hoteli huiota. Dalali mmoja wa ardhi aitwaye Swabir akadai kwamba Bi Chiku alikuwa mkewe, kwamba walioana faraghani miaka mitatu nyuma, na mwozeshaji alikuwa Abdurahman. Akaja na karatasi, ilikosa sahihi tu. Abdurahman akamwambia hakuozesha ndoa hiyo na hataiozesha leo kwa kalamu. Swabir akaja mara ya pili na maneno matamu, mara ya tatu na maneno machungu. Abdurahman akaitwa mahakamani kutoa ushahidi, siku ya Jumatatu.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, mwezi wa Januari, aliozesha watu Ramisi. Alasiri akawa anarudi kwa miguu kupitia kati ya mashamba ya miwa. Mtu aliyejifunga kitambaa usoni akatoka miwani akamchoma kisu kifuani. Abdurahman hakuwa mtu wa nguvu, lakini aliushika ule mkono wenye kisu, wakavutana, kisu kikateleza kikapasua kiganja cha mwenye kukishika. Wakata miwa waliosikia kelele walimkuta ameanguka, yule mtu ameshatoweka.

Hospitalini alipumua mpaka Isha. Mbodze alikuwa kando yake, na wengine wametolewa nje. Abdurahman akamwambia ni Swabir, amemjua kwa sauti. Kisha akaunyanyua mkono wake wa kulia, uliokuwa ungali na joho, kwa kuwa walilipasua kifuani tu.

"Hii ya mkononi ni damu yake," alisema. "Nilimshika, akajikata. Joho hili usilifue, Mbodze. Usilifue."

Mbodze akaapa kwamba hatalifua. Na yeye alijua kutimiza neno.

Swabir alikamatwa akaachiwa. Wanaume watatu walisema mchana ule alikuwa nao Lungalunga, na kitambaa alichofunga kiganjani alikieleza kwamba alijikata na panga akifua madafu. Maneno ya marehemu aliyasikia mkewe peke yake. Kwa hiyo haki yote ya Abdurahman ikawa imebaki kwenye mkono mmoja wa joho, katika madoa machache mepesi, mfano wa mtu aliyekung'uta kalamu ya wino.

Hapo ndipo anapoingia Issa, mdogo wake marehemu. Wauguzi walimkabidhi nguo. Askari walipozitaka, Issa akasema zimeshachomwa. Alikuwa na hofu kwamba joho likiingia katika mafaili litapotea, na huenda hofu yake haikuwa ya bure, lakini uongo ni uongo, na ukishausema huna budi kuulisha. Tangu siku hiyo hakuthubutu kulitoa. Alipoulizwa na wazee wa nyumba alijibu kwamba maneno ya mwisho aliambiwa mke, basi joho litatoka na mke, na mke yuko edani. Mama yao, Bi Zainabu, akaunga mkono. Mwalimu aliyekuja kusoma hitima alisema kwa dharura kama ile mjane anaruhusiwa kutoka mchana akaenda kutoa ushahidi. Bi Zainabu akasema katika nyumba yake hakuna mjane aliyepata kutembea mahakamani kabla ya miezi minne na siku kumi kutimia, na Mbodze hatakuwa wa kwanza.

Likabaki suala la pa kuliweka. Damu ni najisi. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, kimoja kimejaa wanawake wa msiba, kingine ndiko Mbodze alikoswalia na ndiko kulikosomwa Kurani kila jioni. Bi Zainabu hakutaka kusikia habari ya najisi kukaa chini ya paa moja na msahafu, na Mbodze mwenyewe hakutaka. Kulitia katika mfuko wa nailoni asingekubali mtu aliyejua kazi yake, maana sufu yenye unyevu ikifungiwa hupata kuvu. Akalitundika uani, kwenye banda la kuni lenye paa la makuti na ukuta upande mmoja tu. Palikuwa pakavu, pana hewa, mbuzi hawafiki. Alilitundika kwa uangalifu kuliko nguo yoyote aliyopata kuitundika. Na kwa kuwa hakuweza kustahimili kuiona ile damu kila anapokwenda kuoga, akaligeuza: mgongo ukaelekea nyumba, kifua na mikono ikaelekea nje, upande wa mashariki, ambako hapakuwa na ukuta.

Ulikuwa wakati wa kaskazi. Jua la asubuhi lilikuwa likiingia bandani lote, kila siku, mpaka karibu na saa tano.

Je, hakukumbuka dawa? Watu huuliza hivyo kwa jeuri, kama kwamba wao wamepata kufiwa wakakumbuka kila kitu. Dawa ile alikuwa akiihesabu kuwa ya kahawa, mvinyo na jasho la wahudumu. Ilikuwa ya hoteli. Ilikuwa imepita karibu mwaka tangu alichovye joho, na mwaka ndio muda wa dawa kuchakaa. Wala usiku wa mazishi mtu hafikirii vidumu. Akakaa edani na nguo zake za kaniki, akipokea mikono ya pole, akitazama mgongo wa joho kwa mbali na kuamini kwamba analinda kitu.

Mwezi wa Aprili kesi ilikuwa imelala kabisa. Hapo Issa, kwa kuona aibu, ndipo alipompata wakili Mombasa, mwanamke aitwaye Beryl, aliyekuwa akisaidia watu walionyang'anywa ardhi bila ya kuwatoza. Beryl aliposikia joho lipo alisema kwenye simu kwamba atakuja Jumanne mwenyewe na karatasi ya mahakama. Kwa sasa walifunge katika karatasi ya kaki, kila mkono peke yake, wala wasiliguse zaidi ya hapo.

Mbodze alikwenda bandani Jumamosi asubuhi na karatasi zake. Akaligeuza joho.

Kifuani, palipokuwa na damu nzito ya mumewe, palibaki kivuli cha hudhurungi kilichozunguka tundu la kisu. Mkono wa kulia ulikuwa mweupe. Aliutazama kwenye mwanga, akaunusa, akaupitisha kidole kama alivyofanya kazi miaka yote. Hapakuwa na kitu. Damu ya aliyeuawa ilikuwa nene, ikabakia. Damu ya muuaji ilikuwa nyepesi, ikaliwa yote. Akakaa chini juu ya kuni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alilia kwa sauti, mpaka wanawake wakatoka ndani mbio, nao wakauona mkono wa joho.

Alimpigia Beryl kabla ya kumweleza mtu mwingine. Akamsimulia yote: hoteli, dawa, kidumu, jua. Beryl aliuliza maswali mengi, lakini hakumkatiza. Mwisho akamwambia yawezekana bado kuna tumaini, dogo. Mkono wa joho una upindo, na ndani ya upindo, katika mshono, mwanga haufiki. Kama tone moja lilipenya humo, maabara italiona. Lakini joho lisiguswe. Likitiwa hata tone la chai sasa hivi, upande wa Swabir watasema limechezewa, na hakimu hatalipokea hata kama ndani ya upindo imo damu ya watu kumi.

Jumapili Bi Zainabu aliita watu wa nyumba. Mbodze alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikika mwongo. Nguo inayojifua? Na kama inajifua, mbona kifuani haikujifua? Mbona ni mkono tu, tena mkono wenye ushahidi? Aliyeuliza hayo ni Issa. Issa aliyeficha joho kwa uongo alikuwa na haja kubwa ya kupatikana mwenye kosa jingine, na hapa palikuwa na mfuaji, na nguo iliyotakata. Hakusema kwamba Mbodze amenunuliwa. Alisema tu kwamba Swabir ana mkono mrefu, na kwamba mjane asiye na mtoto wa kiume huwaza mbali. Lisemwalo lipo, akasema mmoja wa mashangazi, na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Bi Zainabu alikuwa amekaa na kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa amemzika mwanawe, na yeye hakuwa mtu mbaya, ingawa yote yaliyotendeka yalipita katika ulimi wake. Akakinyoosha kikombe kwa mkazamwana wake.

"Haya, Mbodze. Kama joho linajisafisha, limwagie kahawa mbele yetu. Tutalianika pale, tutakaa hapa siku tatu, siku nne, tuone. Likitakata mimi mwenyewe nitakuomba radhi."

Mbodze alikipokea kikombe. Kilikuwa cha moto. Alijua kwamba likimwagiwa kahawa litatakata, kama lilivyotakata kwa damu, na kufikia Alhamisi jina lake litakuwa limerudi na mama mkwe amemwangukia. Ilikuwa karibu hivyo, kiasi cha kuinamisha mkono. Alikitamani kitendo kile kuliko alivyotamani kitu chochote tangu afiwe. Na alijua pia kwamba akikitenda, ule upindo hautasomwa na mtu.

"Sitalimwagia, mama," alisema. "Nisamehe. Wakili amekataza lisiguswe. Kama imebaki damu yake ndani, nitakuwa nimeimaliza mimi."

Akakiweka kikombe chini. Kwa waliokuwapo, mambo yalikuwa yamekwisha. Issa akashusha pumzi, na ajabu ni kwamba alionekana amepata nafuu.

Husna alibaki baada ya wengine kutoka. Wakati wote mtandio ulikuwa umemfunika mdomo. Alimwuliza mama yake swali moja, akitaka ajibiwe yeye peke yake.

"Mama, ulilifua?"

"Sikulifua, mwanangu."

"Basi," Husna akasema, akamshika mkono, wala hakuuliza tena. Tangu hapo alikuwa akija kila Ijumaa kutoka Ramisi, na katika ukoo mzima alikuwa ndiye peke yake anayekula kwa mama yake.

Beryl alikuja Jumanne akalichukua joho mbele ya mashahidi. Aliwaeleza watu wa nyumba kuhusu zile chembe kwa upole na kwa urefu. Walimsikiliza kwa adabu, wakamwandalia chakula, na alipoondoka Issa akasema kazi ya wakili ni kusema.

Eda ilipotimia mwezi wa Mei, Mbodze alikwenda Diani. Hakwenda kuomba kazi. Alikwenda kuomba kizibao kimoja kikuukuu chenye dawa, akimwagie kahawa mbele ya mama mkwe bila ya kuligusa joho. Caroline alifunga mlango wa ofisi kabla ya kumsikiliza, na aliposikia habari ya kidumu akashika kichwa.

"Mbodze, hiyo dawa si ya kutoka nje, unajua. Na hii maneno ya watu kuuana ikifika kwa wakubwa, mimi ndiyo wa kwanza kwenda nyumbani. Pole sana, dada, lakini sikuona wewe hapa leo."

Kizibao hakumpa. Wiki mbili baadaye ikaja barua kwamba amekaa nje ya kazi muda mrefu na nafasi yake imejazwa. Akaanza kufua kwa mikono nyumbani, nguo za walimu wa kutoka bara ambao hawakuwa na habari za watu, kwa kuwa majirani waliacha kumpa zao. Walikuwa hawamtukani. Walimsalimu vizuri kabisa, wakapita. Mtu akitukanwa aweza kujibu.

Aliyavumilia hayo kwa sababu ya upindo. Kila alipokuwa akisuuza shuka la mtu alikuwa akiuwazia ule mshono uliokunjwa, giza lililomo ndani yake, na tone dogo lililojificha. Alifikia kuuombea dua. Yeye aliyekuwa hodari wa kuondoa madoa alikaa miezi miwili akimwomba Mungu doa moja lisitoke.

Majibu yalikuja Julai. Beryl alimwita Ukunda amweleze uso kwa uso, akaona si jambo la simu. Kifuani ilipatikana damu ya marehemu. Katika upindo wa mkono hapakupatikana kitu cha kupimika. Labda damu haikupenya, labda ilipenya ikaliwa, hakuna ajuaye. Bila ya hiyo hakuna kesi, na faili la Swabir lingefungwa. Beryl alisema anasikitika, na macho yake yalionyesha hivyo. Mbodze akamwuliza kama sasa anaweza kupewa joho. Akaambiwa litabaki huko pamoja na karatasi nyingine. Kwa hiyo hata kahawa haingemwagwa tena. Akamshukuru, akarudi Msambweni.

Habari zilimtangulia. Swabir alirudi kutoka alikokuwa, akaswali Ijumaa safu ya mbele, kiganja chake kina kovu jeupe kutoka kidole gumba mpaka kifundo. Watu wakampa mkono. Nao wengi wao, ukiwauliza faraghani, walijua. Lakini walikuwa wamekwisha kupata mtu wa kulaumiwa, na lawama haigawiki kwa urahisi.

Ijumaa iliyofuata, baada ya Adhuhuri, barabara imejaa watu wanaotoka msikitini, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba ya Mbodze. Mwendeshaji akateremsha gunia la mchele la kilo hamsini na dumu la mafuta ya kupikia, akaviegemeza mlangoni. Mbodze akatoka na povu mikononi, akauliza vitu vya nani. Yule mtu hakuwa na siri, alisema kama alivyotumwa, tena kwa sauti, kwa kuwa pikipiki ilikuwa bado inanguruma.

"Swabir anakusalimu sana, mama. Anasema wema hauozi. Uliyomtendea katika lile joho hatayasahau mpaka kaburini."

Mbodze alikuwa amejiandaa kwa kila kitu kutoka kwa Swabir, matusi, vitisho, hata kisu, lakini hakujiandaa kwa shukrani. Yule mtu aliyemwua mumewe hakuwa akimdhihaki. Aliamini. Naye pia alikuwa amesikia kwamba alifua, akajiuliza kwa nini, akajibu nafsi yake kwamba mjane alimwonea huruma au alimwogopa, na akaona ni haki alipe fadhila. Pikipiki ikaondoka. Mbodze akalishika gunia kwa pembe zake alivute, lakini hakujua alivutie wapi. Akiliingiza ndani, amelipwa. Akilimwaga barabarani, ameona aibu ya kuonekana amelipwa. Watu walikuwa wamesimama, hawakujificha.

Katikati yao alikuwapo Husna, aliyekuwa ameshuka sasa hivi kutoka Ramisi, na kapu la samaki mkononi. Alikuwa amesikia maneno yote. Alikuja mpaka ukumbini, akavua viatu vyake kama desturi yake, akaweka kapu chini. Mbodze akaliachia gunia, akamngojea mwanawe amwulize tena lile swali, ili amjibu tena.

Husna hakuuliza. Aliutazama mchele, akaitazama mikono ya mama yake yenye povu, akaitazama muda mrefu. Kisha akavaa viatu vyake.